Mama Aliitwa kwa Jina Langu

Mama alipaswa kuitwa kwa jina la dada yangu. Ndivyo ilivyo kwetu: mwanamke akishazaa, jina lake la usichana linawekwa kando, anaitwa mama wa mtoto wake wa kwanza, na jina hilo anazeeka nalo. Dada yangu ndiye aliyetangulia kuzaliwa. Lakini pale Ilembo, pembeni mwa mji wa Mpanda, majirani wote walimwita mama kwa jina langu mimi, na mama aliitika.

Kosa lilianza siku tuliyohamia. Baba alikuwa amepata kibarua cha kukarabati njia ya reli, tukatoka kijijini na vyombo vyetu kwenye mkokoteni. Mimi nilikuwa natembea, nimeshika gauni la mama. Dada alikuwa mgongoni. Jirani wa kwanza kuja kutupokea aliuliza jina la yule mkubwa, huku akininyooshea kidole, na mama akamtajia jina langu. Hakusema uongo, maana jina lilikuwa langu kweli. Ila hakumsahihisha, na kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa umeshajua wamwiteje. Haya nimeyapata kwa shangazi, dada yake baba, ambaye alikuwepo akishusha masufuria na ambaye hana kifua cha kutunza jambo.

Sababu ya mama kunyamaza ilikuwa aibu. Alipata mimba yangu dada akiwa bado ananyonya, tena hajaota hata jino. Huko tulikotoka, mtoto wa namna hiyo akikonda au akichelewa kutembea, hakuna anayefikiria ugonjwa. Wanasema amebemendwa: wazazi hawakuvumilia, wamemharibia mtoto maziwa. Dada alikonda, na akachelewa kutembea. Mama alimwogesha kwa majani, akamfunga hirizi kiunoni kwa siri, padri asijue, akamchimbia shimo dogo uani na kumsimamisha humo ili miguu ipate nguvu. Hakutembea. Nilipozaliwa mimi, nikanenepa, nikasimama na kwenda zangu. Kliniki tulipotundikwa kwenye mizani, mmoja baada ya mwingine, mimi nilikuwa mzito kuliko yeye, na wanawake waliokuwa kwenye benchi walitazamana. Mpaka leo nikisikia mtu anasema mtoto wa fulani amebemendwa, damu inanichemka, na nimeshagombana na watu wazima kwa neno hilo.

Dada alikuja kutembea mwenyewe, kwa wakati wake, siku ambayo hakuna aliyekuwa anamngoja. Shangazi anasema alitoka mlangoni akaenda mpaka kwenye banda la kuku, akakaa huko akiwatazama, na walipokuja kumwona walidhani kuna mtu aliyembeba. Tangu hapo alikuwa mtoto mzima, hana kilema chochote. Alikuwa mpole tu, na mzito wa kujibu. Ukimuuliza asubuhi kama anataka uji, alikujibu ukiwa umeshaosha sufuria. Mimi nilizoea, nilikuwa namuuliza halafu naendelea na shughuli zangu, na jibu likifika nalipokea. Mama hakuweza kuzoea. Kila jambo ambalo dada alichelewa kulifanya, mama aliliona kama ushahidi wa wale wanawake wa kwenye benchi.

Kwa hiyo akaanza kumkimbiza, na kijiti cha kumkimbizia nilikuwa mimi. "Mtazame mwenzio." Hilo ndilo neno ninalolikumbuka kuliko yote ya nyumba ile. Mwenzio kaoga, wewe bado. Mwenzio kamaliza ugali. Mwenzio kasoma ubao wote, wewe umekodolea macho dirisha. Tulianzishwa darasa la kwanza pamoja, mama alimzuia dada mwaka mzima ili niwe naye nimvute. Tulishonewa magauni ya kitambaa kimoja. Wakati wa mavuno, mahindi yakishakauka, tulikaa uani tunapukuchua, kila mmoja na ungo wake, na mama alipita kutazama nyungo zetu. Mimi nilipukuchua kwa fujo, punje zinaruka hadi kwa kuku. Dada alipukuchua mstari kwa mstari, na gunzi likishabaki tupu aliliweka chini kwa adabu, akayapanga magunzi kuanzia refu mpaka fupi. Nilianza kumtilia punje zangu kwenye ungo wake mama akigeuka. Mama aliligundua hilo, akatukalisha mbalimbali.

Watu hudhani anayesifiwa anafurahi. Nilifurahi, sikatai, nilipokuwa mdogo sana. Baadaye sifa ile ilianza kuniwasha. Usiku tulilala kitanda kimoja, na dada hakuwa na kinyongo na mimi hata kidogo, ndicho kilichoniumiza zaidi. Alinifunika. Alinisimulia mambo aliyoyaona mchana, mambo ambayo sisi wengine tulikuwa tumeyapita mbio: mchwa aliyebeba mwenzake aliyekufa, namna mjomba wetu alivyokuwa anacheka kwa pua. Mimi niliyekuwa wa kwanza darasani sikuwa na la kusimulia.

Tulipokuwa darasa la tatu nikapata wazo. Niliona kwamba tatizo ni mimi kuwa mbele, basi nikae nyuma. Mtihani wa kufunga shule niliandika majibu ya ovyo makusudi, hata hesabu nilizozijua. Matokeo yalipotoka, dada alikuwa mbele yangu kwa nafasi kadhaa. Nilitembea kurudi nyumbani nimejawa na raha, nikisubiri mama ageuke kwa mara ya kwanza aniambie mimi nimtazame mwenzangu.

Mama alizisoma ripoti zote mbili akiwa amesimama jikoni. Akakaa. "Sasa na huyu naye anaharibika," akasema, na hakuwa anaongea na sisi. Shangazi alikuwepo. Walishauriana kwa sauti ya chini, na kufikia wiki iliyofuata iliamuliwa kwamba dada ananiambukiza uzito wake, aende akakae na bibi, kijijini Usevya. Nililia nikaeleza kwamba nilikosea makusudi. Hakuna aliyeniamini, maana mtoto gani mwenye akili anafanya hivyo.

Aliondoka na lori lililokuwa linakwenda Usevya kufuata mpunga. Mama alimfungia nguo kwenye khanga, na sabuni na chumvi za kumpelekea bibi. Alimsuka nywele mwenyewe asubuhi hiyo, vizuri sana, na alipomaliza alimpaka mafuta masikioni. Sitaki mtu afikiri mama hakumpenda. Dada akiwa ameshapandishwa juu ya magunia, aliuliza, "Mama, ntarudi lini?"

"Ukishakuwa kama mwenzio," mama akamjibu. Alisema kwa upole, akidhani anampa moyo. Lori likaondoka kufuata njia ya Sitalike, na sisi tukarudi kupika.

Nilikwenda kumwona likizo ya mwezi wa sita, mpunga ukiwa unapurwa. Bibi yetu huyo, mama yake mama, hakuwa mtu wa maneno matamu. Alivuta ugoro, alitukana kuku, alitukana mvua, na aliwahi kumtukana katekista kwa kuchelewesha ibada jua likiwa kali. Sikumsikia akimpa dada nasaha yoyote. Lakini nyumba yake ilikuwa na mtoto mmoja tu. Hakuwa na mwingine wa kumtupia jicho, ikabidi amtazame yuleyule aliyekuwa mbele yake. Alimwita mchelewaji wangu. "Mchelewaji wangu kashakula?" alikuwa anauliza akitoka shambani, na akisikia bado, alimngoja.

Dada alikuwa amenenepa. Alisema Kipimbwe, lugha ya kule, kwa haraka kuliko alivyowahi kusema Kiswahili. Alipeta mpunga bila papara, na mchele wake haukuwa na jiwe, lakini si hilo lililonishangaza. Kulikuwa na bibi kizee jirani, asiyeona, ambaye hadithi zake zilikuwa ndefu na za kujirudia kiasi kwamba hata wajukuu zake walikuwa wanatoroka. Dada alimpelekea maji kila siku, na akishayatua alikaa. Alisikiliza hadithi mpaka mwisho, na ikianza upya alisikiliza tena, anacheka palepale pa kuchekea. Nilimuuliza kama hachoki. Jibu lilikuja tukiwa tumeshalala: "Kila siku anaibadilisha kidogo. We huwa husikii tu."

Niliporudi Ilembo nilimwambia mama kwamba dada yuko vizuri. Aliniuliza kama amefikia kimo changu.

Mwaka uliofuata mama alikwenda mwenyewe kumchukua, na mimi nikamfuata. Usevya walimjua mama tangu msichana, na pale walimwita kwa jina lake la haki, jina la dada. Tuliposhuka kwenye lori mwanamke mmoja alimwita hivyo kwa nyuma, akaita tena, na mama akawa anaendelea kutembea. Ilibidi yule mwanamke akimbie amshike bega. "Umekuwa kiziwi huko mjini?" akamtania, na wote wakacheka, mama naye akacheka.

Tulimkuta dada uani, ana ungo mkononi. Alikuwa amerefuka, amejaa, na alikuwa na namna ya kusimama ambayo kwetu hakuwa nayo. Mama alishika mdomo. Furaha yake ilikuwa ya kweli, machozi yalimlenga. Akanigeukia mimi, akanivuta mkono, akasema kwa sauti kubwa ili bibi na majirani wasikie: "Jamani! Si kampita huyu! Mtazame mwenzio alivyo! Mtazame!"

Mimi nilikuwa nimelisubiri neno hilo miaka yote. Lilipofika lilinichoma, na papo hapo nikajua dada alikuwa anaishi na nini. Nilimwangalia. Hakuwa na furaha yoyote. Aliuweka ungo chini, akausogeza usimwagike, na mama akaendelea kusifu, mara mikono, mara shingo, kila kitu kikiwekwa ubavuni mwa changu.

"Mama," dada akasema hatimaye, "mie sirudi."

"Hurudi wapi?"

"Ilembo. Huku sijampita mtu, wala hajanipita mtu. Niko tu."

Mama alidhani ni haya za mtoto. Alibembeleza, akaahidi viatu, mwishoni akafoka. Bibi alikuwa anakung'uta kopo lake la ugoro. "Muache," akasema. "Akikukumbuka atakuja. Nyie wa mjini mna haraka ya nini?" Tukaondoka bila yeye. Njiani, juu ya magunia, mama alikuwa na hasira ya mtu aliyeaibishwa kwa mama yake mzazi. Aliniambia dada yako ana kiburi, afadhali wewe huna kiburi. Nilimgeuzia mgongo mpaka Mpanda.

Halafu ikaja ile mvua kubwa ambayo watu wa kwetu bado wanahesabia umri wa watoto wao. Mito ilikata barabara, malori yakalala. Dada alishikwa na homa kali, akapelekwa zahanati kwa machela, wakafanya walichoweza, na siku chache baadaye alifariki. Alikuwa bado hajavunja ungo.

Kule Usevya mjomba alikwenda misheni, wakapiga redio ya upepo parokia ya Mpanda, na katekista wa pale akatumwa Ilembo kutafuta familia. Alikuwa amepewa jina la mama kama wanavyolijua Usevya. Alipita nyumba kwa nyumba kwenye tope akiulizia Mama fulani, akitaja jina la dada. Watu wakamwambia hapa hakuna mama wa jina hilo. Alifika hata kwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke aliyekuwa anatuazima chumvi kila siku, na yule kwa nia njema kabisa akamwelekeza mtaa mwingine. Mimi nilimwona katekista akipita, ameloa, akiburuta baiskeli. Mama alikuwa ndani anatwanga. Kesho yake alirudi akiulizia jina la baba, ndipo akaletwa kwetu.

Tulisafiri kwa shida, kipande kwa miguu, kipande juu ya trekta. Tulipofika dada alikuwa ameshazikwa.

Kwetu mfiwa hafiki msibani kimya. Analia tangu njiani, na kilio kina maneno. Anamwita aliyekwenda, anataja alivyokuwa, nini alipenda, nini alifanya, na wanawake waliokaa uani wanampokea kwa kuitikia, ili marehemu aonekane pale kwa mara ya mwisho. Mama mzazi ndiye anayengojewa kuliko wote, kwa sababu yeye ndiye anayejua.

Mama alianza kwenye njia ya uani. "Mwanangu wee! Mwanangu uliyechelewa kutembea! Mwanangu uliyetanguliwa na mdogo wako!" Wanawake wakaitikia. "Mwanangu uliyeshindwa na mwenzio darasani! Mwanangu ambaye mwenzio..." Akakwama. Alifungua mdomo tena, na tena, na niliona uso wake ukibadilika, nikaelewa kwamba alikuwa anatafuta ndani mwake kitu cha dada ambacho mimi simo, na hakukiona. Wanawake walingoja. Mvua ilikuwa imepumzika.

Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni, sauti imemkauka. Akapokea. "Mchelewaji wangu! Uliyependa ukoko wa wali kuliko wali! Uliyecheka usingizini! Uliyeogopa mabata! Mtoto uliyekula polepole mpaka nikapata mtu wa kula naye! Uliyewapa wazee masikio yako!" Bibi kizee asiyeona alijibu kwa kilio kutoka upande wa pili wa ua. Bibi aliendelea kwa muda mrefu, hakurudia jambo. Mama alikaa chini kwenye tope, akasikiliza habari za binti yake kwa watu.

Hatukurudi na baba. Mama alibaki Usevya mpaka arobaini, na mimi nikabaki naye. Alikuwa anamfuata bibi shambani, anamuuliza. Mabata yalimfanya nini? Alikuwa analalia ubavu gani? Alikwenda kwa yule kizee jirani akakaa pale dada alipokuwa anakaa, akasikiliza hadithi, na ilipoanza upya akatokwa na machozi, maana hakuweza kusikia ilipobadilika.

Tuliporudi Ilembo alizunguka nyumba za majirani mwenyewe. Aliwaambia alikuwa na mtoto mkubwa kabla yangu, jina lake hili, na kuanzia leo wamwite kwa hilo. Wengine walimwonea huruma, wengine walisema msiba umemchanganya. Alimzaa mdogo wetu wa kiume mwaka uliofuata, na siku moja shangazi alimpakata akasema huyu macho yake yanaonyesha atakuwa na akili za dada yake, akininyooshea kidole mimi. Mama alimchukua mtoto kutoka mapajani mwake. "Huyu ni huyu," akasema, na shangazi akanuna hadi jioni.

Lakini kitu kinachonirudia ni cha siku nyingine, ya kawaida tu. Nilikuwa nimetoka shule. Mama alikuwa jikoni, amekaa kwenye kigoda, jiko limewaka na sufuria bado tupu. Aliniita. Alinitazama kwa muda, akaniuliza, "Wewe unapenda kula nini?"

Nikasema chochote.

"Hapana. Wewe. Unapenda nini?"

Nikafikiri. Kila nilichokikumbuka nilikuwa nimekipenda kwa sababu nilikipata kabla ya dada, au kwa sababu changu kilikuwa kikubwa kuliko chake. Ukoko ulikuwa wa dada. Nilitafuta kitu changu, changu mwenyewe, kama mama alivyokuwa ametafuta pale uani, na yeye akawa ananingoja, hakunihimiza.

"Sijui, mama," nikamwambia.

Machozi yalikuwa yameshaanza kumtoka. "Hata mie sijui," akasema.